Taulo Kichwani mwa Mama

Arobaini ya Bibi ilipokwisha, tulifungua sanduku lake la bati. Ilikuwa kazi yangu na ya Mama, kwa kuwa sisi ndio wanawake tuliobaki katika nyumba ile ya Newala. Juu kulikuwa na vitenge ambavyo havijawahi kushonwa, chini yake khanga za miaka mingi, baadhi zikiwa bado na gundi ya dukani. Mama alichoka kukaa sakafuni, akatoka nje kunyoosha goti. Mimi nikaendelea peke yangu hadi chini kabisa, ambako mkono wangu uligusa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo gumu.

Nililifungua kwa meno. Ikatoka harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile inayopanda puani na kuleta machozi hata kama huna la kulilia. Ndani mlikuwa na taulo jeupe lenye mistari miwili ya kijani pembeni. Nililitambua kabla sijalikunjua. Nikakaa pale sakafuni, taulo likiwa mapajani, nikawa tena yule mtoto wa Newala aliyeuziba mdomo wake kwa mkono ili mama yake arudi.

Wengi wa rika langu tulilelewa na bibi zetu, kwa hiyo sehemu kubwa ya nitakayosema utaielewa bila maelezo. Kitu kinachohitaji maelezo ni kazi ya Mama. Mama yangu alikuwa anacheza mpira wa kikapu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama mwingine anavyokuwa muuguzi au fundi cherehani. Hata leo nikisema hivyo watu hunitazama, kisha huuliza kwa upole, "Sawa, na kazi alikuwa anafanya wapi?"

Alikuwa mrefu mno. Bibi alizoea kusema kwamba siku Mama anazaliwa miguu ilifika kwanza, mwenyewe akafuata kesho yake. Mpira aliujulia Masasi, katika shule ya sekondari yenye uwanja wa saruji chini ya milima ile ya mawe, lakini mkono wake ulikuwa umeshafundishwa zamani, mashambani. Wewe ambaye hukukulia kwenye mikorosho, nikueleze: korosho haichumwi mtini. Unaisubiri ianguke yenyewe, ndipo ujue imekomaa. Ukiiokota, unaizungusha kidogo inaachana na bibo, lile tunda lake laini. Korosho inaingia ndooni, bibo linatupwa kwenye tenga. Wengine waliinuka na kwenda kuliweka. Mama alilirusha tu, akiwa chini ya mkorosho wa pili, halafu wa tatu, na tenga lilipojaa Bibi alikuwa hajamwona akipiga hata hatua moja.

Kutoka mashindano ya shule alichukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Mimi nilizaliwa katika miaka hiyo. Baba yangu hakuwepo, na kwetu hilo si jambo la kusimamisha maisha, kwa sababu mtoto ni wa upande wa mama yake na neno lake liko kwa mjomba. Ndiyo maana klabu moja ya Msumbiji ilipomtaka Mama, na kumwahidi mshahara na chumba cha kulala, aliyekaa kitako kuamua alikuwa Mjomba Ismaili, kaka yake mkubwa, fundi baiskeli pale sokoni. Nimesimuliwa kwamba alisema, "Mtoto abaki kwa bibi yake. Wewe nenda kafanye kazi. Ila usije ukatusahau kwa sababu ya mpira."

Mama alikwenda. Nikabaki mimi na Bibi, aliyeniita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu Babu, kwa madai yake, angetuoa wote wawili.

Sasa, ardhi ya Newala inakatika ghafla. Waliofika pale panapoitwa Shimo la Mungu wanajua. Umesimama kwenye nyasi za kawaida, na mbele yako hakuna tena nchi, kuna hewa tu, na chini kabisa limelala bonde la Ruvuma na mto wake. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mara ya kwanza Bibi aliponipeleka pale, alinyoosha mkono na kusema, "Mama yako yuko kule." Hakunidanganya. Mama alikuwa Msumbiji, na kule kulikuwa Msumbiji. Lakini mtoto hajui nchi inaweza kuwa ndefu kiasi gani.

Nilitazama vizuri. Kulikuwa na moshi hapa na pale, maana watu wa ng'ambo nao wanafyeka na kuchoma mashamba kama sisi. Nikachagua moshi mmoja mwembamba, karibu na kilima chenye mgongo kama wa ng'ombe, nikaamua kwamba huo ni wa jiko la Mama. Tangu siku hiyo kila nilipopata upenyo jioni nilikwenda ukingoni kumtazama.

"Umetoka wapi, mke mwenzangu?" Bibi aliniuliza nikirudi na vumbi miguuni.

"Kumwona Mama."

"Hajambo?"

"Hajambo. Anapika."

Siku ambazo moshi haukuwepo nilimwambia, "Leo hajapika," naye akajibu, "Labda wamemkaribisha kwa jirani." Alisema hivyo huku akipepeta unga, bila kuniangalia, na mimi nikatulia. Kitu kimoja tu sikukielewa.

"Bibi, kwa nini asivuke tu? Mbona ni hapo?"

"Ana kazi."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

Basi nikaona kwamba mama yangu ananiona nikisimama ukingoni, kama mimi ninavyouona moshi wake, na bado havuki. Sikumwambia mtu wazo hilo. Nililala nalo ubavuni kama watoto wengine wanavyolala na wadogo zao.

Kila Jumapili jioni Mama alipiga simu kwa Mjomba. Tulikwenda kibandani kwake, katikati ya minyororo na magurudumu yaliyoning'inizwa darini, na harufu ya gundi ya viraka. Simu zilikuwa zinakatika, kwa hiyo Mama alianza kwa kuhakikisha.

"Zuhura, upo?"

"Nipo!"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula nini?"

"Ugali wa muhogo na kisamvu."

"Kisamvu cha Bibi! Usiniambie tena, utaniliza." Kisha katikati ya habari zake za safari na michezo, sauti ikididimia, angerudia, "Zuhura, upo?" nami ningepiga kelele, "Nipo!" hadi Mjomba aseme, "Mtoto, simu ndiyo yenye masikio, si Msumbiji yote."

Shuleni nilitaniwa. "Mama yako nguzo ya umeme," walisema wavulana, "mwambie atuletee umeme." Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mwanamke mmoja bombani, aliyesema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke mwenye mtoto hawezi kuwa anakimbiza mpira nchi za watu. Bibi alimjibu kwamba binti yake hakimbizi mpira, mpira ndio unaomkimbiza. Watu wakacheka. Nilishika ukingo wa khanga ya Bibi hadi ndoo zetu zikajaa.

Likizo ya Juni, mikorosho ikiwa imepulizwa salfa na kila jani limepakwa unga wa njano, rafiki yangu Fatu alipelekwa unyagoni. Alinipita umri kidogo. Baada ya siku za mwanzo aliwekwa ndani ya nyumba ya jirani, na hiyo ndiyo hali ya mwali: anakaa pembeni, kichwa kimefunikwa, macho chini, hachezi, hasemi ila kwa somo wake anayekuja kumnong'oneza mafunzo sikioni. Wenzake wanaendelea na maisha nje naye anayasikia tu.

Nilikuwa na hamu ya kumwona Fatu. Siku moja nilikwenda nyuma ya ile nyumba, nikaweka jicho kwenye ufa wa ukuta. Nilimwona amekaa kwenye mkeka, khanga kichwani. "Fatu," nikanong'ona. "Fatu, ni mimi."

Aliinua kichwa. Papo hapo Bi Mwanahawa, somo wake, alitokea na fimbo ya mtama mkononi.

"Wewe mtoto! Unamsemesha mwali?"

"Nilikuwa namsalimia tu."

"Unamsalimia! Unajua mtoto akimsemesha mwali, mwali anaanza upya? Siku zote alizokaa humo zinamwagika kama maji! Unataka asitoke?"

Newala maji ni ya taabu, na kuyamwaga si mzaha. Nilikimbia huku nikilia, na sikusogelea tena ukuta ule. Siku ya kutoka, Fatu alitolewa amepakwa mafuta, amevalishwa nguo mpya, ameshikiwa mwavuli, wanawake wanapiga vigelegele hadi kuku wakapanda juu ya paa. Nilimwita, "Fatu!" Akanitazama kwa macho ya mtu mzima. "Fatu amekwenda," alisema. "Mimi sasa Salima." Nilielewa kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa: unafunikwa, husemeshwi, halafu unarudi kwa watu na jina jipya.

Haikupita muda akaja Mwalimu Lukas, mwalimu wetu wa michezo, aliyemfahamu Mama tangu akiwa Masasi. Alikuwa na simu yenye kioo kikubwa, ya kwanza mtaani kwetu, na ndani yake mlikuwa na picha za video alizotumiwa na mchezaji mmoja wa Dar. Uani kwa Bibi pakajaa wanawake. Mwalimu alishika simu juu, sisi tukabanana mbele yake.

Wanawake warefu walikuwa wanakimbia kwenye sakafu inayong'aa kama maji.

"Mbona wamevaa vibukta?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Ulitaka wakimbie na baibui?" akajibu Bibi.

"Sasa Mama Zuhura yuko wapi? Wote wananichanganya."

"Huyu hapa," Mwalimu akaonyesha kwa kidole. "Huyu wa pembeni."

Nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye benchi, nje ya mstari, taulo jeupe lenye mistari ya kijani limemfunika kichwa chote hadi mashavuni. Macho yalikuwa chini. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele na kufungwa kitambaa kinene. Mwanamke wa makamo akamwinamia na kumnong'oneza sikioni, na Mama akaitikia kwa kichwa bila kuinua uso. Nyuma yake watu wengi walikuwa wanapiga vigelegele na makofi. Wenzake walipita mbele yake mbio, kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyemsemesha.

"Bahati mbaya," Mwalimu akaanza, "ule mchezo wa nyuma ali..."

Bibi akamkanyaga mguu. Niliona kabisa. "Mwalimu, chai inapoa," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amepika chai.

Mtu mzima angeona mchezaji aliyeumia. Mimi nilikuwa natoka kumwona Fatu. Nilihesabu kila kitu na kila kitu kikakaa mahali pake: kichwa kilichofunikwa, macho chini, somo anayenong'ona, vigelegele. Mama yangu alikuwa amewekwa ndani kule ng'ambo. Nilijua kwamba aliwahi kuchezwa unyago hapa kwetu akiwa msichana, lakini Bibi alinifundisha kwamba Wamakonde wenzetu wa ng'ambo wana mila kama zetu na nyingine zao wenyewe. Nikaamua kwamba ukienda kuishi kwao lazima wakuanzishe. Ndiyo maana hakuvuka hata Ijumaa! Moyo wangu ulijaa nafuu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Hakuwa amenikataa. Alikuwa mwali.

Na mtoto akimsemesha mwali, mwali anaanza upya.

Jumapili ile Mjomba aliponipa simu, niliiweka sikioni kwa mkono mmoja na mkono wa pili nikauweka mdomoni.

"Zuhura, upo?"

Nilisikia pumzi zake. Nadhani naye alisikia zangu.

"Zuhura? Mwanangu, upo?"

Nilibana midomo hadi meno yakauma. Mjomba alinitazama kwa mshangao. Nikamrudishia simu, nikatoka nje, nikaenda kusimama kwenye ukuta wa kinu cha kusaga ambako kelele ya mashine ingeweza kuficha kilio changu.

"Ana nini huyu?" nilimsikia Mjomba akiuliza nilipokuwa nikitoka.

"Amenuna," Bibi alisema. "Amechoka kusubiri. Mwache."

Sikuwa nimenuna. Nilitamani sana kueleza, lakini mambo ya unyago mtoto hayasemi, na niliogopa kwamba nikimwambia hata Bibi, siku za Mama zitamwagika. Jumapili ya pili ikawa hivyohivyo, na zilizofuata. Mama alijaribu kila njia. Aliniimbia. Aliniuliza kuhusu kuku wangu mwenye kidole kilichokatika. Mara moja alisema, polepole, "Sawa. Usiseme. Nisikilize tu nikipumua," na tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, hadi salio likaisha. Ile ndiyo Jumapili ngumu kuliko zote. Nikitembea kurudi nyumbani nilikuwa najisemea moyoni kwamba amekaribia, amekaribia kutoka, na nilijiona jasiri.

Sikwenda tena ukingoni. Kumtazama mwali nako niliona si salama.

Msimu wa korosho ulikuja. Nilikuwa naokota na Bibi, na kila bibo nililitupa tengani kwa mbali, nikikosa, nikirudia. Siku moja nikiwa nyuma ya tenga nilimsikia Mjomba akimwambia Bibi, kwa sauti ya watu wazima, "Anasema mtoto amemsahau. Anasema kama mguu umekwenda na mtoto amekwenda, anakaa kule anafanya nini? Anarudi mazima."

Nilichukua neno moja tu: anarudi. La mguu lilinipita. Nilijua kazi yangu imezaa. Jioni ile nilikaanga korosho mwenyewe kwenye bati lililotobolewa, nikiwa nimefunga pua kwa kitambaa kwa sababu ya ule moshi wake unaochoma, nikazibangua moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa safi. Mwali akitoka anatunzwa zawadi. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kumtunza.

Alifika kwa ndege hadi Dar na kwa basi hadi Masasi, na Mjomba akanichukua tukampokee. Tuliteremka kutoka Newala asubuhi na mapema. Kituoni kulikuwa na bodaboda, akina mama wenye karanga, na magunia ya korosho yanayosubiri lori. Basi lilipofunguliwa mlango, waliteremka watu wote, halafu magongo mawili, halafu Mama.

Nilimtazama kichwani kwanza. Hakikufunikwa. Alikuwa amesukwa mistari midogo midogo na jua lilikuwa linampiga utosini. Alisimama juu ya magongo akanitazama bila kusogea, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu na hajui kama atakaribishwa.

Nikamkimbilia.

"Shikamoo Mama! Umetoka?"

"Marahaba." Akainama kunitazama usoni. "Unaongea? Zuhura, unaongea!"

"Si umetoka?" Nikampa kitambaa changu kwa mikono miwili, nusu nimepiga magoti, kama nilivyoona wanawake wakifanya. "Hizi zawadi yako. Jina lako jipya nani?"

"Jina gani?"

"Ulilopewa ng'ambo. Ili nisikosee kukuita."

Mama akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama mawe ya mlimani kana kwamba jibu liko huko. "Mjomba wako mimi nimepotea hapa," alisema. "Eleza, Zuhura."

Nikaeleza pale pale, katikati ya kituo. Taulo. Benchi. Somo aliyenong'ona. Fatu na maji yanayomwagika. Jinsi nilivyoziba mdomo ili asianze upya. Nilieleza kwa fahari, nikingoja kupongezwa. Mama alianza kucheka, akacheka hadi mpiga debe akageuka na kusema, "Dada, utuambie na sisi." Kisha kicheko kikageuka. Aliketi juu ya begi lake, magongo yakaanguka, akanivuta na kuniweka uso wangu shingoni kwake, penye harufu ile ya dawa ya kuchua.

"Hukunisahau," alisema.

"Nilikuwa nakusubiri utoke."

"Yule si somo, ni kocha. Na mimi niliumia goti, mwanangu. Nilijifunika ili watu wasinione nikilia."

"Ulikuwa unalia nini?"

"Mwanzoni goti," akasema. "Baadaye wewe."

Alikaa nasi miezi mingi. Goti lilitibiwa, likafanyishwa mazoezi uani na ndoo za mchanga, Bibi akihesabu kwa Kimakonde na kupoteza hesabu kwa makusudi ili Mama arudie. Alipoweza kutembea vizuri nilimpeleka ukingoni nikamwonyesha moshi wake. Alitazama, halafu, kwa kuwa hakupenda kunidanganya, akachuchumaa na kuchora nchi kwenye mchanga kwa kijiti. Mto aliuweka juu kabisa. Mji aliochezea aliuweka chini kabisa, akirudi kinyumenyume huku akichora hadi akafika karibu na njia. "Ukitoka mtoni hadi kwangu," alisema, "ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Dar, tena sana."

"Kwa hiyo yule aliyekuwa anapika ni nani?"

"Sijui, mwanangu. Mama wa mtoto mwingine."

Sijawahi kujisikia peke yangu kama jioni ile, naye akiwa amenishika bega. Miaka yote nilikuwa nimekaa na jirani nisiyemjua.

Klabu ilikuwa imempigia. Walimtaka tena kama goti limekubali. Aliniambia mimi kabla ya Mjomba, tukiwa bado pale, mchoro wake miguuni petu. "Nilirudi kwa sababu nilidhani sina tena mtu wa kumchezea," alisema. "Sasa najua ninaye. Nikienda, utaongea?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa mtoto, sikuona kwamba ndiyo ile ndiyo inayompakia kwenye basi. Kunyamaza kwangu kulimleta, na kusema kwangu kukamruhusu aende. Nimeishi na jambo hilo hadi leo, na kwa umri huu simlaumu yeye wala yule mtoto. Alikuwa na kazi aliyoijua vizuri na miaka michache ya kuifanya, kwa sababu magoti ya mchezaji hayangoji. Kama wewe nawe ulibaki ukingoni ukimtazama mtu aliyekwenda kutafuta, huenda nawe ulisema ndiyo yako mahali fulani. Usiione ndogo.

Asubuhi ya kuondoka alimpa Bibi lile taulo. "Nitunzie hili, Mama. Sitalihitaji."

Alicheza misimu mingine mingi. Mwalimu Lukas alituletea video, na katika zote nilimtafuta benchini kabla ya uwanjani. Wenzake walijifunika wakifungwa, wengine walijifunika wakichoka. Yeye alikaa kichwa wazi, hata siku ile walipopoteza fainali na machozi yakamtiririka mbele ya kila mtu. Miaka baadaye aliniambia kwamba kocha alimuuliza kwa nini hajifichi kidogo kama wengine. Alijibu, "Nina mtoto ananiangalia."

Na Jumapili nilikuwa naongea. Naweza kusema pia kwamba baada ya simu nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla, na sauti yangu mwenyewe ilinirudia kutoka kwenye bati. Bibi aliijua saa hiyo. Alinipa mchele wa kuchambua, hata kama ulikuwa umeshachambuliwa.

Nilisimama kando ya lile sanduku, nikatoka nje na taulo. Mama alikuwa kwenye baraza, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akitazama uani alikokuwa akihesabiwa mazoezi. Tangu msiba alikuwa hajasema maneno mengi. Sasa ni mtu wa Masasi, anafundisha wasichana pale pale kwenye saruji alikoanzia, na sauti yake uwanjani inasikika hadi barabarani, lakini hapa nyumbani kwa Bibi alikuwa amenyamaza.

Nikampa. Alilipokea, akalinusa.

"Kumbe alilitunza," alisema.

Halafu akalikunjua, akajifunika kichwa chote, macho chini, mistari ya kijani mashavuni. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu siku ya simu ya Mwalimu Lukas. Mimi ni mwanamke mzima, mwenye watoto wangu, lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda hadi mdomoni kabla sijajua.

Nikaushusha. Nikakaa sakafuni karibu na goti lake.

"Mama," nikasema. "Upo?"

Bodaboda ilipita barabarani ikapotea kuelekea sokoni. Chini ya taulo nilisikia pumzi, ndefu, kama zile za kwenye simu.

"Nipo," alisema.